Diski Mbili za Mwalimu Scholastika

Mwalimu Scholastika alifundisha historia Kitangari mpaka alipostaafu, na baada ya hapo hakutulia. Alichukua simu yake akaanza kuzunguka kwa wazee kurekodi simulizi zao, hasa za kina mama walioteremka bondeni kuchota maji enzi zile bomba halijafika. Wengi walisimulia kwa Chimakonde, naye aliwaacha waseme walivyopenda. Kila alichorekodi alikihamishia kwenye kompyuta ya mezani sebuleni kwake.

Asubuhi moja kompyuta ikagoma kuwaka. Fundi wa Newala aliifungua, akasikiliza diski ikigonga ndani, akatikisa kichwa. Simulizi zote zilikuwa humo, na nakala nyingine haikuwepo.

Haukupita muda akaja Mwanaisha, binti wa marehemu Bibi Zena, mmoja wa waliorekodiwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kumsikia mama. Wajukuu wameanza kuisahau sauti yake."

Scholastika alimweleza ukweli bila kuzungukazunguka. Mwanaisha alilia, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga. "Basi, mwalimu. Ila hawa walio hai, usiwapoteze."

Maneno hayo yalimchoma. Fundi alimwekea kompyuta diski mpya, naye akarudi kwa wazee kuwaomba wasimulie upya, na huku nyuma akaanza kujifunza. Alisoma, akatazama video, akamsumbua fundi kwa simu kila alipokwama, mpaka akaelewa kitu kinachoitwa RAID: diski mbili zinafungwa pamoja, kompyuta inaziona kama moja, na kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa papo hapo kwenye ile. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi.

Mumewe, mzee Anthony, hakuelewa. "Mama Loveness, diski mbili halafu nafasi ya moja? Si hasara hiyo?"

"Ile nyingine ndiyo roho ya akiba, Baba Loveness."

Aliponunua diski ya pili na kuanza kuziunganisha, kompyuta ilimwonya kwamba kila kilichomo kwenye diski kitafutika. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa. Simulizi mpya zilikuwa kwenye diski mojawapo! Alizinakili kwanza kwenye diski ya nje, akafungua faili moja moja kuhakikisha zinasikika, ndipo akabonyeza.

Kazi ilipokamilika hakuridhika kuambiwa na kompyuta kwamba mambo ni shwari. Aliizima, akachomoa waya wa diski moja, akaiwasha tena.

"Unaiharibu kwa makusudi?" Anthony aliuliza.

"Nataka kujua leo, nisije nikajulia msibani."

Sauti ya bibi mmoja wa Mnyambe ikajaa sebuleni, akisimulia jinsi mtungi ulivyomvunjikia akiwa karibu kabisa kufika nyumbani. Anthony alicheka mpaka akashika mbavu. Scholastika aliizima tena, akaurudisha waya, akangoja mpaka diski zikalingana.

Diski ya nje hakuiweka kabatini. Alipanda gari akaipeleka Masasi kwa dada yake Oliva, kwa sababu alijua kwamba mwizi akiingia au moto ukizuka nyumbani, diski mbili zilizo ndani ya kompyuta moja zingeondoka pamoja.

Masika yaliyofuata umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, na diski moja ikafa kweli. Onyo lilitokea kwenye kioo wakati majirani wamejaa sebuleni wakisikiliza. Hakuna simulizi iliyokatika, na wageni hawakujua lolote. Walipoondoka, Scholastika alizima kompyuta, akaitoa diski mbovu, akaweka mpya, akaiagiza kompyuta ianze kuijaza kutoka kwa mwenzake. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi. Alivuta kiti akakaa pale pale akimenya mihogo, akiitazama asilimia ikipanda polepole, na Anthony alipomwita chakula kimeiva alijibu, "Nakuja. Ngoja wazee wangu wamalize kuhamia."