Sauti ya Kituo cha Tisa

Sikulazimishi uamini. Nakueleza tu kilichonipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Mtu aliyekuwa nami siku hiyo yuko hai. Shida ni kwamba ukimwuliza, atakwambia mimi ni mwongo.

Nilikuwa na duka la dawa kwenye soko dogo la bonde la Lambwe. Nilizaliwa Karungu, nikaolewa huko Lambwe, na mume wangu alipofariki nikabaki na duka na kimya kingi nyumbani. Jirani yangu, Mzee Odhiambo, alikuwa fundi wa redio za mawasiliano kabla ya kustaafu. Akanipa moja yake kuukuu, ile ya kushika mkononi.

"Wachana na matangazo ya vifo," aliniambia. "Sikiliza watu wa ambulensi. Utajua watu wanaishi aje."

Ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha kufunga waya wa antena juu ya mpera, kupunguza mkwaruzo, na kuandika kila kitu kwenye daftari: saa, kituo, kilichosemwa. Wenyewe walijua nasikiliza, na hawakujali mradi sikuongea. Kuongea kunataka kibali, nami sikuwa nacho. Vituo vyao vilikuwa sita. Baada ya mwezi mmoja nilizijua sauti zao hata nikaweza kutambua nani ana mafua.

Jumamosi moja, saa saba mchana, Wasabato wako kanisani na duka halina mtu, nikasikia mwanamke nisiyemjua. "Hapa Kituo cha Tisa. Daraja la Mawe. Mwanaume, shati ya kijani, ameshika kifua. Nijibuni." Akarudia mara tatu, polepole, bila haraka ya mtu aliye na mgonjwa. Hakujibiwa.

Kituo cha Tisa kilitoka wapi? Nilimpigia simu msimamizi wa ambulensi, akasema hawakusikia chochote. Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, maneno yale yale. Nikaenda kwa Mzee Odhiambo. Alikuwa anamenya muhogo, wala hakuinua macho.

"Hiyo iache," alisema.

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilimshuku yeye. Alikuwa na redio nyingine mbili nyumbani, na hakuonekana kushangaa. Nikashuku pia kwamba ana wenzake wanaotaka kuvuta ambulensi hadi mahali pasipo na watu, waiibie. Jumamosi ya tatu nikafunga duka mapema, nikatia redio mkobani, nikamwita Ouma wa bodaboda.

"Madam, huko darajani unaenda kufanya nini? Hakuna hata kibanda."

"Kuna mtu nataka kumshika," nilimjibu.

Tulipofika darajani, Mzee Odhiambo hakuwepo. Juu ya ukuta wa daraja aliketi mwanamke aliyevaa jaketi la waokoaji, lile linalong'aa, redio mapajani. Vumbi la njia ile linaingia hadi menoni, lakini viatu vyake vilikuwa safi kama vimetoka dukani.

"Oyawore," aliniambia. Hiyo ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa utosini.

Sikuitikia. "Nani amekutuma hapa?"

"Hakuna. Naita tu, na hawajibu." Redio yake haikuwa na kifuniko wala betri, na ndani buibui alikuwa ametanda. "Huyo uliyekuja naye," akasema.

Niligeuka. Ouma alikuwa ameegesha pikipiki na anavua jaketi lake zito kwa sababu ya joto. Ndani alivaa shati la kijani.

Nilipotazama tena, ukuta ulikuwa mtupu. Na pale ni uwanda mtupu, hata mbuzi hana pa kujificha.

"Umemwona yule mwanamke?" nilimwuliza Ouma.

"Nimemwona. Si ni mtu wako?"

"Wewe unajisikiaje?"

"Niko sawa. Kwani?"

Simu haikushika mtandao. Nikatoa redio, nikabonyeza kitufe cha kuongea kwa mara ya kwanza maishani, nikasema jina langu, mahali, na kwamba kuna mwanaume ameshika kifua. Kituo cha Pili kikajibu kwamba wanakuja. Ouma alinitazama kwa hofu. "Nani ameshika kifua?" Akataka kuondoka, nikachomoa ufunguo wa pikipiki. Tukabishana pale juani hadi sauti yake ikaanza kukatika. Akakaa chini mwenyewe, jasho linamtoka, mkono kifuani. Wakati huo vumbi la ambulensi lilikuwa linaonekana.

Alipona. Daktari alisema ni moyo, na kwamba wangechelewa kidogo wangebeba maiti.

Ulidhani nilishukuriwa? Mkewe alikuja dukani na shemeji zake wawili. "Ulijuaje kabla hajaugua? Ulimpa nini njiani?" Mimi ni muuza dawa, ungemjibu nini? Polisi wakachukua redio na daftari, wakakuta shati la kijani limeandikwa wiki mbili kabla. Ouma alipoulizwa kuhusu mwanamke wa darajani, akasema hakuona mtu. Alisema hivyo huku ananitazama usoni. Neno jajuok, mchawi, likaanza kunifuata sokoni, na wateja wakaisha. Mzee Odhiambo alinisaidia kupakia mizigo ya kurudi Karungu bila kuuliza swali hata moja, na mpaka leo sijui alijua nini.

Nakuonya basi. Ukitaka kuanza kusikiliza, anza, si jambo baya. Lakini ukisikia sauti inayoita na wengine hawaisikii, fikiri kabla hujatoka nyumbani. Ukienda, mtu anaweza kupona. Ila hatakusamehe kwamba ulijua kabla yake.