Dada Yangu Alitibiwa kwa Kadi Yangu

Admin, nifichie jina na kijiji, watoto wangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni bibi wa miaka 73, mjane, naishi Singida. Binti wa marehemu dada yangu, aliyekulia Kenya, anakuja kunitembelea wiki ijayo. Jinsi mama yake alivyokufa sijawahi kumwambia yeye wala mtu mwingine. Naandika hapa na wala silii, nilishakauka siku nyingi.

Ilikuwa miaka ile tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nina mwaka mmoja kwenye ndoa. Dada aliolewa na Mkenya, mfanyakazi wa reli, wakahamia kwao. Akaja kututembelea peke yake, binti yake wa miaka mitatu akamwacha kwa baba. Kijijini kwetu mgeni alitakiwa kuandikishwa kwa balozi wa nyumba kumi, na anayetoka nje ya nchi aonyeshe karatasi. Dada hakuwa nazo. Mume wangu akasema, "Achana nayo, si anakaa siku chache tu?"

Jioni moja tunachambua mlenda, dada akanisimulia alivyowahi kuchomwa penisilini huko Kenya, akavimba uso, pumzi zikakata, wakamuwahi. "Mdogo wangu, nilikuwa kama boga!" Tukacheka mpaka machozi.

Siku ya tano kichomi kikamkamata. Zahanati ilikuwa kijiji cha pili, matibabu bure, lakini uwe na kadi. Mume wangu akanipa kadi yangu mwenyewe. "Mnafanana. Na wewe usifungue mdomo, tutalala ndani wote." Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Mganga alikuwa mpya, hajui sura zetu. Akasoma kadi, akamwita dada kwa jina langu. "Mwaka jana ulichomwa penisilini, ikakukubali. Tutarudia hiyo hiyo." Dada alikuwa anahema tu, hawezi kusema. Akanitazama. Mganga akanigeukia.

"Wewe ni nani yake?"

"Wifi yake."

"Kuna dawa inayomdhuru?"

Nikasema hakuna.

Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa kuogopa karatasi. Hata saa moja haikupita.

Msibani balozi alikuja, akakaa jamvini, akala ugali wa mtama, akatupa pole. Hakuuliza karatasi. Hakuna mtu yeyote aliyeuliza. Shemeji tulimwandikia barua kwamba ni malaria. Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kupimia Manyoni, maana kule zahanati nilishakufa. Mume wangu naye ameondoka na siri hiyo. Mimi nimelima, nimezaa, nimecheza ngoma kwenye harusi za wanangu, na muda wote huo nilikuwa kama namtazama mtu mwingine akifanya.

Juzi binti akapiga simu, sauti ni ya mama yake kabisa.

"Shikamoo mama mdogo. Nakata bima ya matibabu ya safari, nikiugua huko nisikusumbue. Fomu inauliza mama alikufa na nini, na kama kwetu kuna dawa inayotudhuru."

Nikasikia mdomo wangu unasema malaria, na dawa hakuna. Akasema asante mama mdogo, akaandika.

Sijui kama kitu kile mtoto hurithi, na simjui mtu wa kumuuliza bila kueleza yote. Nikimwambia ukweli sasa huenda asije tena, na katika damu ya dada yangu amebaki yeye tu. Nisipomwambia, akaja, akaugua hapa kwangu, daktari atanigeukia mimi na swali lile lile. Wasomaji, mngekuwa nyie mngempigia simu leo? Na akishapokea, akasema shikamoo, mnaanzaje?