Bacon crispy hukaangwa kwa masikio: nilivyompikia Bwana Shauri Singida bila kuonja

Wakuu, salaam. Watakaotoa shikamoo, marahaba. Wasiotoa nao wakae tu, sina nguvu ya kugombana na mtu.

Nakaribia miaka tisini, nipo Mwankoko, natype kwa kidole kimoja na macho yenyewe ndiyo haya. Nivumilieni. Ninachosema ni kweli tupu, umri huu nimdanganye nani?

Kuna kijana kauliza humu kwa nini bacon yake inatoka laini kama ndala iliyolowa. Watu kibao wamemrushia video. Kijana, hiyo kitu mimi nimeikaanga wakati wa Mwingereza, baba yako hajazaliwa.

Nilikuwa mpishi wa Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, hapa Singida bomani. Bacon ilikuja kwa lori kutoka stesheni ya Itigi. Nyama ya nguruwe, imetiwa chumvi na moshi, imefungwa kitambaa.

Sasa mimi ni Mwislamu.

Na nilikuwa nimeoa mwaka uleule nilioanza kazi, binti wa Mtinko, Hadija. Kazi yangu aliikubali kwa shingo upande, akaniwekea sharti moja: "Kupika, pika, ndiyo riziki. Siku ukionja, narudi kwa baba."

Hadija hakuwa mtu wa kutishia tu. Nikaapa.

Nikawa nageuza nyama kwa koleo. Nikifika nyumbani nanawa mara saba, moja kwa udongo, yeye ndiye anamimina maji.

Shida ikawa memsahib, mke wa bwana. Kila asubuhi sahani inarudi. Anataka ikauke, ivunjike kama ukoko wa wali, yangu inavutika kama mpira. "Onja, mpishi! Utajuaje bila kuonja?" Namwambia dini, memsahib. Hataki kusikia.

Mwisho akasema Jumapili anakuja mgeni mkubwa wa jimbo. Ikitoka laini, Jumatatu nisije.

Wakuu, asikwambie mtu. Kupika kitu usichoweza kuonja kunachosha kuliko kulima.

Kilichoniokoa ni kumkumbuka mama yangu. Alipoyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo alikuwa hatazami chungu, anasikiliza. Maji yakiisha ndani ya nyama, kelele inashuka.

Jumapili nikafanya hivyo. Kijana, andika.

Kikaango kiwe cha baridi. Panga vipande visilaliane. Moto mdogo, acha papara. Kwanza italia polepole, halafu itapiga kelele mpaka ikurushie mafuta usoni. Wewe geuza tu. Kelele ikishuka ikabaki kama watu wanaonong'ona, na povu jembamba juu, opoa. Laza juu ya mkate mkavu unyonye mafuta. Ikipoa kidogo ndiyo inakauka vizuri.

Walikula wakamaliza. Memsahib akaja jikoni anacheka, kipande cha mwisho kipo kwenye uma, akakisogeza mpaka mdomoni mwangu. "Leo lazima uonje!"

Nikarudi nyuma, nimefumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Mafuta yakanidondokea shati. Akaniangalia weee, akakila mwenyewe. Kazi ikabaki yangu.

Mchana nikarudi nyumbani nanuka, kichwa kinagonga kwa moshi. Hadija kasonga ugali wa uwele, mlenda upo. Nikamwambia sili, nimechoka. Nikalala.

Akafunika chakula. Hakuuliza, nami sikueleza. Mwanaume wa enzi zile aeleze nini?

Mzungu akaondoka, Uhuru ukaja, tukazaa watoto saba, tukazeeka.

Mwaka juzi Hadija akaugua, akawa wa kitandani. Asubuhi moja namnywesha uji, akanishika mkono. Akasema, "Baba Ramadhani, ile Jumapili uliyokataa ugali wangu, nilijua umeonja. Nikafunga nguo zangu nirudi Mtinko. Halafu nikazifungua. Nilikusamehe palepale, sikutaka tu niondoke sijakwambia."

Nikamwambia, Hadija, sikuonja. Wallahi sikuonja.

Akatabasamu, akanipigapiga mkono. "Yameisha, baba. Nilishakusamehe."

Ijumaa yake tukamzika.

Nimechoka, wakuu. Zaidi ya miaka sitini mimi nashika ahadi, na mwenzangu miaka hiyohiyo ananisamehe kosa ambalo sikulifanya. Roho inauma. Na hasira nazo ninazo, ila sijui nimkasirikie nani, yeye au mimi.

Funzo ni dogo. Ukirudi umechoka, kataa kula ukitaka, lakini sema kwa nini. Neno moja tu. Mimi lingenitosha, "walinilazimisha nikakataa", basi.

Haya, mwenye swali la bacon aulize, nitajibu macho yakipumzika. Ila kabla ya maswali, kama kuna hata mmoja humu anayeamini kwamba sikuonja, aniandikie hapo chini.