Majani ya Maharage ya Baharia

Mbegu zile nilipewa na baharia wa Peru, bandarini Tanga, nilipokuwa kibarua wa kupakia mkonge. Maharage meupe, mapana kama dole gumba, kila moja na kovu la kahawia ubavuni. Kwao, alisema, hupandwa kwenye mchanga wa pwani, na siku hizi ni wazee wachache tu wanaoyajali. Jina alilonitajia nimelisahau.

Nikayapanda yote kwa mama, kijijini Busisi, kwenye bustani yake ya kichanga karibu na ziwa. Yakapanda juu ya ua wa minyaa, yakajaza majani.

"Yanaiva lini?" mama aliuliza.

"Yanachelewa, mama. Karibu mwaka."

"Basi hutayaona." Akacheka. "Wewe unatulia kama mbuzi aliyeota upele."

Alisema kweli. Nikaenda Mbeya kwenye viazi, kisha Tunduma. Lakini maharage yale yalinivuta. Nina miaka arobaini na kitu, na sijawahi kuvuna nilichopanda. Nikajiambia nitarudi nivune, nibakize mbegu, nipande tena, nikae.

Niliporudi, juu ya minyaa zilining'inia kamba tupu za mmea, bila majani wala maganda. Kwetu jani la kunde huchumwa kabla ya kunde zenyewe. Huchemshwa, huanikwa, likawa nsansa, mboga ya kiangazi. Mama aliyatendea majani mageni vilevile. Kila yalipochipua, alichuma. Mmea haukupata nguvu ya kuzaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuandalia." Akatoa mfuko uliokwisha kufungwa. "Nsansa yako ya safari. Hukai, lakini angalau utakula."

"Safari hii nimekuja kukaa."

"Haya," akaitikia, kama anayembembeleza mtoto. "Shika tu, haiozi."

Jioni tulipika nyingine kidogo, ya akiba ya mama, kwa karanga. Ilikuwa chungu.

"Haya hayana adabu ya kunde," mama alisema, akaongeza karanga. Nikala, nikamwambia ni tamu.

Kesho yake nilipekua ua wote. Nikapata ganda moja bichi, mbegu zake laini kama ute. Nikalitundika juu ya mafiga, kwenye moshi, mama anapohifadhi mbegu zake. Likasinyaa, na mbegu zake pia.

Bustani haikuwa na cha kungojea tena. Kabla ya masika nilikuwa stendi ya Nyegezi, mfuko wa nsansa magotini, bado umefungwa kwa fundo la mama.