Beki Aliyeandikwa Mfumaji

Nianze na la kujisifu, maana la aibu linakuja. Nilikuwa beki. Si wale wa kubutua mpira juu ya mapaa ya watu, hapana. Namba tatu hasa, namsoma winga tangu anapofunga kamba za viatu. Timu ya kiwanda chetu cha nguo pale Morogoro ilinipa jezi hiyo miaka tisa, na Jumatatu, kama hatukufungwa, nilikunywa chai ya bure mtaa mzima wa Mwembesongo. Tukifungwa, loo, hata njia ya sokoni nilikuwa naikwepa.

Sasa, enzi zile mchezaji hakuajiriwa kucheza. Kiwanda kilikupa kazi, mpira ukaja juu yake. Mimi kwenye daftari la kiwanda niliandikwa mfumaji. Mfumaji! Mtu ambaye hata kifungo cha shati nashonewa na mke wangu. Asubuhi nasaini, naondoka zangu mazoezini. Kocha wetu, mzee aliyependa sana habari za mpira wa kale, alituambia kwamba huko Uingereza mabeki wengi wa mwanzo mwanzo walifanya kazi viwandani vile vile. Jumamosi mchana wanatoka zamu na vumbi la pamba kichwani, wanaingia uwanjani. Tulicheka sana. Sisi vumbi la pamba tulilisikia tu. Na hatukuona kosa, kwa sababu timu nyingi za viwanda zilifanya hivyo na wakubwa walijua.

Lakini mashine haifumi peke yake. Yangu aliishika dada mmoja Mluguru, mtu wa Mlali, aliyenizidi kama miaka kumi. Aliingia kiwandani kama kibarua wa kufagia, msimamizi akamsogeza kwenye mashine yangu iliyokaa bila mtu, na pale ndipo alipobaki. Uzi ukikatika, vidole vyake vilikuwa vimeshaunga kabla mimi sijaona ulipokatikia. Ajira ilikuwa yangu, mshahara wangu; yeye aliendelea kuwa kibarua wa kuchukuliwa kwa siku, miaka yote hiyo. Idi nampelekea kanga na sukari, ananiambia, "Ahsante mdogo wangu, Mungu akuzidishie," nami natoka pale kifua mbele, najiona mfadhili. Jamani! Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Ikaja enzi ya ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, vitenge vyetu vikalala ghalani, na siku moja tukaambiwa kiwanda kimepata mwekezaji. Meneja mpya akatuita wachezaji, akatuuliza mpira unafuma mita ngapi kwa siku. Kocha akaanza kueleza, hakusikilizwa. Timu imekufa leo, meneja akasema; anayetaka kazi, kesho asubuhi awe kwenye mashine yake.

Kesho yake nikaenda, mikono mfukoni. Dada alikuwa anafuma kama kawaida, nami nikasimama pembeni yake. Utaratibu tulishatangaziwa: aliyemo kwenye daftari na kazi anaijua, abaki. Vibarua wote waondoke saa sita, isipokuwa yule ambaye meneja mwenyewe ataona anafaa kuandikwa. Kwa hiyo dada alikuwa na nafasi moja tu, nayo ilikuwa asubuhi ile.

Meneja akapita mashine moja moja, karani nyuma yake na daftari. Akafika kwetu, dada kasimamisha mashine, tumesimama bega kwa bega. Akashika kitambaa, akakiinua kwenye mwanga, akakikagua weee.

"Tangu asubuhi sijaona kizuri kama hiki," akasema. "Nani anafuma hapa?"

Karani akasoma jina langu.

Dada akanitazama. Kibarua amkatize meneja, nani angethubutu? Aliningoja mimi. Sentensi moja tu: ni huyu, mzee, mwandike huyu. Nilikuwa nayo mdomoni, haki ya Mungu. Lakini mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, tunakaa nyumba ya kiwanda, na beki wa miaka thelathini na mbili nani anamtaka? Niliogopa. Mawinga wangapi wamenijia mbio sikuogopa, siku ile niliogopa.

"Mimi, mzee," nikasema.

Meneja akanipa mkono. Saa sita ilipofika dada akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akapita mbele yangu bila kuniaga. Akatoka getini na vibarua wenzake.

Nilidumu siku nane. Uzi unakatika, mimi naupapasa kama kipofu. Nikiunga huu, ule unakatika. Kitambaa kikatoka na matundu ya kupitisha kidole. Siku ya tisa meneja akakitandika mezani kwake, hakunigombeza hata, akaniuliza tu kama nilidhani yeye mjinga. Tukahama nyumba ya kiwanda wiki ile ile, tukapanga chumba upande wa Mazimbu, na mtoto akazaliwa humo.

Ilinichukua miezi mitano kupata ujasiri wa kwenda Mlali. Nilimkuta shambani anapalilia maharage. Nikampa shikamoo, akaiitikia bila kuinua kichwa. Nikasema nimekuja kuomba radhi, nikaeleza mimba, nikaeleza nyumba, nikaeleza woga, maneno mengi kweli kweli. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe bado uko kiwandani?" akauliza.

"Hapana, dada. Walinitoa siku ya tisa."

Hapo ndipo akasimama, akaegemea jembe. Nilidhani atacheka, na angecheka ningeshukuru.

"Kwa hiyo hata wewe hukuipata," akasema. "Ungesema, mmoja wetu angekuwa na kazi."

Akainama, akaendelea na mstari wake.