Honi Kule Tongaren

Mwaka ule nilichukia neno moja tu: "wiki ijayo". Nilikuwa nauza mashine za kukaushia mahindi, nimeajiriwa na duka moja la Kitale. Mkulima hanunui mashine kwa picha. Lazima aione ikipuliza, ashike mahindi, ayatafune. Sasa kila nikipanga onyesho upande wa Bungoma, linaahirishwa. Leo harusi, kesho baraza la chifu. Watu wetu hawakwambii hapana. Wanakuandalia chai, halafu wanakwambia urudi.

Mdosi wangu akachoka. Jumatatu moja akaniambia, "Madam, hii ya Jumamosi ikiahirishwa, kazi imeisha." Na ni mimi niliyekuwa nalisha nyumba nzima kule Tuwan.

Nikajiuliza nakosea wapi, nikajijibu: ni simu! Siku chache kabla ya kila onyesho nilikuwa napiga kuuliza kama bado tupo. Eti ndiyo adabu. Kumbe nawafungulia mlango watoke. Safari hii sikupiga. Tena Jumatano asubuhi nikazima simu kabisa, wasinipate. Nilijiona mjanja, bana.

Jumamosi nikakodi pikapu, tukapakia mashine, hao Tongaren. Kwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima nikaona mahema mawili na watu wengi kuliko alioniahidi. Nikamwambia dereva, "Si unaona! Leo ni leo. Piga honi wajue tumefika." Akapiga, tena kwa mbwembwe, mpaka katikati ya boma. Watu wakageuka kututazama, kimya. Ndipo nikaona jeneza.

Alikuwa mke wa mwenyekiti, mama aliyenichinjia kuku siku niliyokuja kupanga onyesho. Alifariki Jumanne usiku. Akili nyingi huondoa maarifa, na zangu ziliondoa hata utu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akaja mwenyewe, macho mekundu, akanishika mkono.

"Binti yangu, tulikupigia sana. Simu haikuingia."

Nikaishika simu mfukoni, bado imezimwa.

"Lakini umetoka mbali," akaendelea polepole, "na siku nilikupatia mimi. Wakulima wote wako hapa. Tukimaliza kuzika nitawaambia wakae, uwaonyeshe mashine yako. Mgeni hawezi kurudi hivyo."

Jamani! Alimaanisha. Angesimama kando ya kaburi bichi awaombe watu wakae kwa ajili yangu. Kazi yangu yote ilikuwa inangoja niitikie kwa kichwa tu, na kichwa kikakataa. Nililia, na mpaka leo sijui kama nilimlilia yule mama au nilijililia mimi.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Leo tumzike mama."

Nikajifunga leso, nikakaa na akina mama waliokuwa wakiosha vyombo mpaka mazishi yakaisha.

Jumatatu nilirudisha mashine Kitale. Mdosi hakupiga kelele. Aliuliza tu ni nani aliyeahirisha safari hii.

Nikamwambia ni mimi.