Kibao Chini ya Injini

Mzee yule alinenepa kwa ndizi zetu, nami sisemi hivyo kwa mafumbo. Katika Uhaya wa nyarubanja, ule utaratibu wa mabwana wa ardhi na wapangaji wao, yeye alikuwa mtwazi, sisi tukawa watwarwa wake: kibanja tulichokaa, pamoja na migomba na mibuni aliyoipanda babu yangu, vilihesabiwa kuwa mali yake. Kila msimu baba alimpelekea mikungu ya ndizi na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kisha akakaa chini kwenye vumbi la ua, viti vitupu vikimtazama kutoka barazani, akingoja kuambiwa aende. Kibuyu nilikibeba mimi. Nilimwekea mzee yule kinyongo kabla sijaota ndevu.

Uhuru ukaja, na baadaye serikali ikafuta nyarubanja. Kibanja kikawa chetu. Mzee hakukubali. Akaanza safari za Bukoba, kulalamika ofisi hii na ile arudishiwe mashamba. Na chombo cha kumfikisha bandari ya Kemondo, akapande gari la Bukoba, kilikuwa mtumbwi wa kijiji chetu cha ujamaa, kule ufukweni chini ya Izigo, wenye injini ya kupachika nyuma. Mwendeshaji nilikuwa mimi. Hebu fikiria: nimbebe akaninyang'anye kwetu! Kumkatalia nisingeweza, maana mtumbwi ulikuwa wa wote.

Alikaa mbele kabisa, kwenye kiti chake cha kukunja, akitupa mgongo. Watu walimpisha kwa mazoea. Mimi nyuma nilikula moshi nikitazama kisogo chake.

Injini hizi siri yake ni kimo. Ukiifunga chini mno, inaburuta maji na mtumbwi unakuwa mzito. Ukiifunga juu mno, propela inashika hewa. Injini inapiga kelele tu na chombo hakiendi. Yangu ilikuwa sawasawa. Asubuhi moja nililegeza vibano, nikalaza kibao cha mvule, unene wa vidole viwili, juu ya ubao wa nyuma, nikaifunga injini juu yake. Mtumbwi ukikaa sawa, hakuna shida. Lakini mtu mzito akikaa mbele, nyuma inanyanyuka na propela inachungulia nje.

Tulipotoka tu ufukweni, injini ikalia. Nikaizima.

"Ndugu," nikamwita, "mbele kumezidi uzito. Njoo nyuma."

Hakuwa amewahi kuitwa ndugu na mtoto wa mtwarwa wake. Lakini neno lile lilikuwa la nchi nzima, angenishtaki wapi? Mama mmoja akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, si tusogeze mikungu, mzee abaki?" Nikamjibu mikungu imeshafungwa. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe, mbele, makusudi.

Akaja akishikilia mabega ya watu. Benchi la nyuma lilikuwa langu na kiti chake hakikuenea, kwa hiyo akakaa sakafuni, miguuni pangu, penye maji machafu na mafuta ya injini. Akanung'unika kwamba kanzu inalowa. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Nilikwenda mpaka Kemondo nikipiga mluzi. Ikawa hivyo kila safari yake, nami raha ile nilishindwa kuificha.

Siku moja nikamwalika baba aje aone. Alikuwa mwembamba, mwepesi. Nikamkalisha mbele, pale pale pa mtwazi. Mzee akaja miguuni pangu bila kuambiwa. Baba akageuka, akamwona kwenye maji. Kisha akainuka, akaja nyuma taratibu.

"Waitu, habari za nyumbani?" akamsalimu, akakaa kwenye maji kando yake. Wakaongea habari za mvua na kahawa hadi Kemondo. Pale gatini baba akampa mkono ashuke.

Nikamvuta baba kando. "Tata, umesahau alivyokuwa anakukalisha chini?"

Alikuwa anakamua suruali yake. "Sijasahau, mwana wange. Mimi nilikaa chini ili ninyi mle. Wewe unamkalisha chini ili ule nini?"

Injini sikuishusha. Safari iliyofuata baba akapanda tena, safari hii bila kualikwa. Akapita benchi zote, akakaa kwenye maji yale. Na iliyofuata vilevile. Alikuwa ameanza kukohoa.

Ili baba asiendelee kulowa, niliking'oa kibao nikakitupa ziwani, huku natukana. Mzee akarudi mbele na kiti chake, akatupa tena mgongo. Mashamba hakurudishiwa, lakini hilo halikunitosha wala halinitoshi. Yeye sijamsamehe mpaka leo. Baba nilimsamehe siku tuliyomzika.